Mashine ya Sinema Kutoka Rongai

Jumamosi, 1 Agosti 1959

Nimerudi kutoka mnada wa Rongai. Nilitumwa viti sita na sufuria kubwa ya chai. Nimerudi na mashine ya sinema!

Wacha niandike polepole. Yule mzungu ambaye Mama Mkwe amefanya kazi kwake tangu zamani — wafanyakazi walimwita Bwana Mrefu — anahama, anarudi kwao Ulaya. Ameuza kila kitu. Matrekta, matandiko ya farasi, hata kengele ya kuitia watu kazini. Viti vilikwenda haraka. Sufuria ikatakwa na sista wa misheni, na nani atashindana na sista? Halafu mtu wa mnada akafungua sanduku jeusi. Ndani: mashine ya kijani, magurudumu mawili juu, jicho la kioo mbele. Watu wakasogea karibu. Mkono wangu ukapanda wenyewe.

Bei sitaandika hapa. Nanyama anajua kusoma.

Nanyama amelizunguka sanduku mara moja, taulo begani. Ameuliza wateja watakalia hilo, au watapikiwa chai ndani yake. Nimemwambia hakuna hoteli nyingine hapa mtaani Bondeni yenye sinema. Akasema hakuna hoteli nyingine hapa Bondeni ambayo wateja wanakunywa chai wamesimama.

Mke wangu ana mdomo. Lakini ngoja aone.

Jumapili, 2 Agosti

Baada ya kanisa nilifunga milango, nikachomeka waya.

PAA!

Mwanga mmoja mweupe kama radi, halafu giza. Si kwangu tu. Kwa Karanja kinyozi pia, ukuta mmoja na wangu. Alikuwa anamnyoa mtu wa reli kwa ile mashine yake mpya ya stima. Mtu akatoka nje na nusu ya kichwa, anauliza ni nani amefanya hivi. Nikajifanya nafagia.

Nanyama alicheka mpaka akakaa chini. Ni vizuri acheke. Tangu jana alikuwa ananipa chai bila kuniangalia.

Jumatatu, 3 Agosti

Rafiki yangu Hiram, fundi wa stima huko karakana ya reli, amekuja kutazama maiti. Ati kule shambani Bwana Mrefu alikuwa na injini yake mwenyewe, na stima yake ilikuwa nusu ya nguvu ya hii yetu ya town. Mimi nimeimwagia mashine stima mara mbili ya ile aliyoizoea. Globu imekufa, hiyo tu. Mwili mzima.

Atanipa transfoma — sanduku la chuma, zito kama jiwe la kusagia — ya kupunguza nguvu. Globu mpya itaagizwa Nairobi na mwenye studio ya picha pale barabara kuu. Nimeambiwa ningoje.

Mimi na kungoja!

Ijumaa, 7 Agosti

Globu haijafika. Mvua kila mchana. Wateja wanauliza: Naftaly, sinema iko wapi? Nawaambia iko njiani. Makokha, yule gadi wa gari moshi la mizigo, anasema hata Yesu yuko njiani.

Jumamosi, 8 Agosti

IMEWAKA!

Lakini, ndugu zangu, kuwaka ni jambo moja na kuona ni lingine.

Nilitundika shuka la kitanda kwenye ukuta wa mbele. Nikavalisha filamu ya mkebe wa kwanza, kati ya mitatu iliyokuja na sanduku. Picha ikaja — ng'ombe wanatembea angani, miguu juu. Nikafikiri ni mchezo wa wazungu. Hiram akasema nimevalisha filamu juu chini. Tukageuza. Sasa ng'ombe wako sawa lakini kichwa kiko chini ya picha na kwato ziko juu, katikati mstari mweusi kama ukanda. Kuna kijiti kidogo pembeni: ukikisukuma, picha inashuka mpaka kila ng'ombe anapata kichwa chake. Nilifurahi kama mimi ndiye nimewaumba.

Bado ukungu. Unazungusha jicho la kioo, kulia, kushoto. Ukungu unapungua, unapungua, hapo hapo! — umepita. Unarudi. Umepita tena. Kama kutafuta swichi gizani kwa nyumba ya wenyewe.

Na mimi nataka picha kubwa. Nimesukuma meza nyuma mpaka mlangoni, ng'ombe wakawa wakubwa kama nyumba. Nanyama alisema hao si ng'ombe, ni mawingu yenye pembe. Wivu.

Mikebe yote mitatu tumeiona. Ng'ombe wakioshwa dawa ya kupe. Harusi ya wazungu. Na mmoja umeandikwa kwa Kizungu: mavuno, 1941. Watu wanapura ngano. Ukungu mtupu, hasa huo.

Jumapili, 9 Agosti

Leo nimejifunza kwa machungu. Kuna dume moja zuri sana kwenye ule mkebe wa ng'ombe. Nikataka Nanyama alione vizuri, nikasimamisha mashine. Dume likasimama. Tukasema aaa! Halafu tumboni mwake kukatokea doa la kahawia, likakua, likatoa povu, likatoboka. Harufu mbaya. Ile taa ni moto, filamu isipotembea inaungua.

Dume la Bwana Mrefu lina tundu sasa. Hakuna kusimamisha tena.

Jumatano, 12 Agosti

Onyesho la kwanza! Hoteli ilijaa, watu wamekalia makreti ya soda, wengine dirishani. Mandazi yaliisha kabla sijawasha.

Ng'ombe walipendwa kidogo. Harusi ilipendwa zaidi, kwa sababu ya kofia. Lakini mavuno! Kuna kifungo cha mwendo. Nilikizungusha kidogo tu, na wale watu wa ngano wakaanza kukimbia na magunia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto. Watu wakaanguka kwa kicheko. Nikaongeza. Makokha akapiga kelele: kimbieni, mzungu anakuja! Kuna mwanamume mmoja amesimama juu ya mashine ya kupura, anacheka na kurusha mkono, na kwa mwendo ule alionekana kama mtu aliyeingiwa na nyuki. Wakaomba nimrudie. Nikamrudia mara tatu. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka.

Nanyama aliweka birika juu ya meza ya mtu, akaingia jikoni, hakutoka.

Nilidhani ni uchovu.

Alhamisi, 13 Agosti

Haukuwa uchovu.

Asubuhi tunakanda unga. Nikamuuliza kwa nini hakurudi jana. Akaendelea kukanda. Halafu akasema, bila kuinua macho: jana mmemcheka baba yangu.

Unga uliniganda mikononi.

Nilijua habari hii lakini nilikuwa nimeiweka mbali, kama mtu anavyoweka koti la msimu mwingine. Baba yake, Mzee Wasike, alifanya kazi shamba hilo hilo la Bwana Mrefu. Mwaka wa arobaini na mbili akaenda vitani na wenzake. Habari zikaja kwa D.C., mkuu wa wilaya, kwamba amekufa Bama, ng'ambo huko. Hakuna kaburi. Hakuna hata picha moja, maana nani alikuwa na picha siku hizo? Nanyama alikuwa mtoto wa miaka minne. Anasema anakumbuka kuinuliwa juu sana, mpaka akaona paa la nyumba, lakini yule anayeinua hana uso.

Nikamwambia hatujui kama yumo. Akasema mavuno ya 1941, Rongai, shamba lile. Alikuwa wapi, kama hakuwa pale?

Halafu akasema: yule anayecheka juu ya mashine. Mimi nacheka hivyo.

Nilimwambia pole. Neno dogo sana kwa kazi hiyo.

Onyesho la kesho nimelifuta. Makokha amekasirika. Akasirike.

Jumamosi, 15 Agosti

Siku nzima tumefanya kazi, mimi na yeye, hoteli imefungwa.

Shuka tumelitoa. Lilikuwa na mikunjo, na upepo wa ziwani ukiingia uso wa mtu unacheza kama maji. Nimepaka ukuta chokaa mara mbili. Madirisha tumeyaziba kwa mablanketi ndiyo tuweze kuona mchana.

Nikafungua jicho la kioo, nikakuta ndani utando kama wa jicho la mzee. Ukungu wa unyevu, na alama ya kidole cha mtu, labda cha Bwana Mrefu mwenyewe. Nanyama akaleta leso yake ya harusi, ile laini. Nikasita. Akasema kitambaa ni kitambaa, panguza.

Halafu tukabishana juu ya ukubwa. Mimi nataka ukuta mzima. Yeye akashika meza yangu kwa mikono miwili akaivuta mbele, hatua baada ya hatua. Picha ikapungua. Nikasema unaiharibu! Ikapungua tena, ikawa kama mlango, ikawa kama dirisha. Na kila ikipungua inang'aa zaidi. Kwenye ukubwa wa meza ya chai akasema: hapo.

Nikageuza jicho polepole. Nikapunguza mwendo mpaka watu wakatembea kama watu.

Sijui niandikeje. Vumbi la ngano linaonekana, kila punje inaelea kivyake. Mishono ya magunia inaonekana. Na yule mwanamume juu ya mashine ana pengo la jino la mbele, ana kovu juu ya nyusi, na anacheka kitu ambacho mtu wa chini amesema. Si mtu wa nyuki. Kijana mzuri tu, saa zake za kazi.

Nanyama alisimama karibu mpaka kivuli chake kikaangukia ukutani. Akarudi nyuma haraka, kama amemkanyaga mtu.

Tumeiona mara nne. Hakulia. Alikuwa anatabasamu na kinywa wazi, na mimi nikawa nawaangalia wote wawili, kinywa na kinywa.

Jumatatu, 17 Agosti

Hoteli imefunguliwa, lakini kila tukifunga, kabla ya chakula, ni mavuno. Sasa anaendesha mwenyewe. Anajua kijiti, anajua kifungo. Anamwamkia yule mtu: shikamoo, baba. Eti anamjulisha habari za siku. Leo amemwambia bei ya sukari.

Kuna taabu moja. Mwisho wa filamu hiyo umechakaa. Vile vitundu vya pembeni, ambavyo meno ya mashine huvishika, vimeraruka. Mashine ikifika pale inaanza kutafuna, tak-tak-tak, na mimi nazima. Kwa hiyo kuna kipande kidogo cha mwisho hatujawahi kukiona. Nimemuuliza mtu wa studio. Anasema anaweza kuunga filamu iliyokatika, lakini vitundu vilivyokufa hawezi kuvifufua.

Nanyama anasema haidhuru. Baba yake yuko katikati, na katikati ni nzima.

Amemtumia mama yake habari kwa lori la maziwa: njoo Jumapili, kuna mtu wa kumwona.

Jumanne, 18 Agosti

Jibu limekuja na lori hilo hilo. Atakuja. Atafuatana na Chepkosgei, jirani yake wa zamani katika kambi ya wafanyakazi shambani, ambaye alipura ngano naye miaka hiyo yote.

Dereva anasema Mama Mkwe aliuliza swali moja tu: huyo mtu wa kuonwa, yuko hai? Dereva hakujua aseme nini.

Ijumaa, 21 Agosti

Sasa shida ya kweli, na hiyo ni yangu mimi.

Kwa mila yetu Wabukusu, mimi na Mama Mkwe hatuonani uso kwa uso. Hatukai chumba kimoja, hatupeani mkono. Akija hapa, mimi hutoka kwa mlango wa nyuma nikaenda kwa Karanja kunyolewa hata kama sina nywele. Tangu harusi tunasalimiana kupitia Nanyama, na kwa heshima kubwa, na sijawahi kupungukiwa na kitu. Lakini nani ataendesha mashine siku hiyo? Nanyama anataka kukaa na mama yake. Hiram ana zamu.

Nimefikiri siku mbili, nimepata! Kuna lile dirisha dogo la kupitishia chai kutoka jikoni. Mashine itakaa jikoni, juu ya gunia la unga na ubao. Dirisha litazibwa na blanketi, tundu moja tu la jicho la kioo. Mimi ndani, wao nje. Picha inapita, mimi sipiti.

Tumejaribu leo. Kasoro ni moja: nikiwa nyuma ya blanketi sioni ukuta. Sijui kama picha iko wazi au ni ugali. Kwa hiyo Nanyama ataniambia. Tumefanya mazoezi. Yeye: kulia. Kulia. Umepita, rudi. Hapo! Mimi gizani nimeinama kama mwizi, jasho linanitoka, naongoza picha ambayo siioni.

Amecheka sana. Halafu akauliza: na mama akisema si yeye?

Nikasema atasema ndiye. Kwa nini nilisema hivyo? Mimi namjua wapi mzee Wasike?

Jumapili, 23 Agosti

Naandika jikoni, mchana, kwa mwanga wa ufa wa mlango. Mashine imezimwa ipoe. Nina dakika chache. Daftari liko juu ya gunia la pili la unga.

Wacha nianze mwanzo.

Walifika na gari moshi la asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni tayari, blanketi limeshuka. Nikasikia viti, nikasikia Nanyama akiwapa chai, nikasikia salamu za Mama Mkwe zikiletwa mlangoni na Nanyama: mkwe hajambo? Nikapeleka zangu: sijambo, shikamoo, karibu sana kwetu. Vizuri, kama kawaida.

Chepkosgei ana sauti nene, nzuri. Alisema chai ina sukari ya watu wenye adabu.

Halafu Nanyama akaja kwa blanketi akanong'ona: anza.

Nikawasha. Kulia, akasema. Kulia. Hapo.

Mashine inanguruma tu. Halafu Chepkosgei akaanza, kama mtu aliyefunguliwa mlango:

"Wewe! Tazama ile trekta! Tazama mbwa — si ni Simba huyo? Simba aliyekula kuku wa nyapara!"

Mama Mkwe akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Ni kicheko kidogo, cha puani.

"Na mama wa maji yule, na mtungi," Chepkosgei akasema. "Alikufa mwaka wa nzige. Tazama anavyotembea, hajui kitu."

Mimi nahesabu kichwani, najua sehemu hiyo sasa inakuja. Magunia. Ngazi. Mashine ya kupura. Sasa hivi yuko juu, anacheka.

Nanyama akasema, "Mama. Ni yule."

Nikasikia kikombe cha chai kikiwekwa mezani.

"Mama, yule juu. Anayecheka."

Mama Mkwe akasema polepole, kwa upole sana, "Mtoto wangu, huyo ni Khaemba. Khaemba wa trekta. Alirudi kwao Kitale, yuko mpaka leo, ana ng'ombe."

Chepkosgei akasema ndiyo, ni Khaemba, alipigwa na mpini hapo kwenye nyusi, na ni yeye Chepkosgei aliyemfunga kitambaa.

Mimi nyuma ya blanketi niliona aibu kama nimemwibia. Siku nane amemwamkia mwanamume wa watu. Amemweleza bei ya sukari. Ana ng'ombe Kitale!

Mashine ikafika pale inapotafuna, nikazima. Giza. Nikasikia Nanyama akivuta pumzi kwa nguvu, ile ya mtu anayekataa kulia mbele ya wageni.

Ndipo Mama Mkwe akasema, "Warudishe."

Nikarudisha filamu mwanzo kwa mkono, haraka haraka, vidole vimeungua. Nikawasha tena. Kulia, akasema Nanyama, sauti imekufa. Kulia. Umepita. Haya, hapo.

Trekta. Mbwa. Mtungi. Khaemba akapanda, akacheka, akashuka.

Halafu Mama Mkwe akainuka. Nilisikia kiti kikisukumwa.

"Yule," akasema.

"Yupi, Mama?"

"Yule wa pembeni. Anapanda ubao, amebeba gunia. Ametupa mgongo."

"Huyo haonekani uso!"

"Sihitaji uso. Tazama bega la kushoto. Analishusha hivi kabla ya kukanyaga. Nimetembea nyuma ya bega hilo kutoka Kimilili mpaka Rongai, na wewe ukiwa tumboni. Ni baba yako."

Chepkosgei akasema neno moja kwa lugha yake, chini sana.

Na mimi, mpumbavu, sioni! Niko nyuma ya blanketi, naendesha, nasikia, sioni. Nilikumbuka mtu wa ubao. Ndiyo, yupo. Mara zote nne, mara zote kumi, alikuwa anapita pembeni na gunia lake na hatukumwangalia, kwa sababu tulikuwa tunamwangalia anayecheka.

"Anafika juu," Mama Mkwe akasema. "Analitua. Sasa anageu—"

Tak-tak-tak. Nikazima. Lazima ningezima! Ilikuwa inatafuna.

Wote watatu walipiga kelele pamoja.

Nanyama akaja mpaka kwa blanketi. Hakunong'ona. Aliniita kwa jina la mtoto wetu, kama kawaida yake: "Baba Nasimiyu, alikuwa anageuka!"

Nikamweleza, kupitia kitambaa. Ni kile kipande kilichoraruka. Meno hayana pa kushika. Kuna njia moja, niliifikiria zamani lakini sikuona sababu: mashine ikifika pale, mtu mmoja alegeze filamu juu na kuongoza kwa gurudumu dogo la mkono, na mtu wa pili aivute kutoka chini, polepole, bila kusita. Akisita, inaungua. Akivuta kwa nguvu, inakatika. Inahitaji mikono minne. Na kwa vile ilivyo, naona itapita mara moja. Mara moja tu. Labda hata hiyo isipite.

Akasema, "Nitavuta mimi."

Nikasema basi hutaona.

Nikasikia Chepkosgei akisema angesaidia, lakini vidole vyake vimekauka kwa baridi yabisi, hashiki hata sindano. Nanyama akasema aitwe Karanja. Karanja ameenda Njoro kwa shemeji yake. Hiram yuko zamu. Nikasema tungoje wiki ijayo. Nanyama akasema filamu hiyo itakuwa imeoza wiki ijayo, au atakuwa ameoza yeye.

Ndipo Mama Mkwe akasema, wazi, ili sauti ifike jikoni:

"Mimi uso wake ninao. Niliuona mpaka siku lori lilipowachukua. Huyu ndiye hana. Akae kwenye kiti. Nitavuta mimi."

Chepkosgei akamkumbusha, kwa heshima, ni nani aliye nyuma ya blanketi.

Mama Mkwe akasema anajua ni nani. Ni mtu aliyemnunulia mtoto wake mashine. Akasema yeye atajifunika shuka kichwani na mimi nitazame ukuta, na kama mila itauliza, itamwuliza yeye.

Hapo ndipo nilisema, Nanyama, waambie dakika tano, taa ipoe. Ni kweli taa lazima ipoe. Ni kweli pia kwamba nilizihitaji dakika hizo mimi mwenyewe.

Sasa nasikia maji kwenye karai. Mama Mkwe ananawa mikono. Nimemwambia Nanyama amwambie vidole viwe vikavu kabisa, bila mafuta, filamu inateleza. Nimesikia ananawa mara ya pili, kwa sabuni.

Nanyama amekaa. Nasikia kiti chake kikisogea mbele, kinasogea tena. Nimemwuliza kupitia tundu kama picha iko sawa hapo alipo, maana safari hii hakutakuwa na kulia wala kushoto. Amesema iko sawa. Amesema, Naftaly, mikono yako isitetemeke. Hajaniita kwa jina tangu tuoane.

Mlango wa jikoni umefunguliwa.

Nimegeuza uso kwa ukuta. Naandika bila kutazama. Viatu vya mpira juu ya saruji, taratibu. Amepita nyuma yangu, shuka limegusa kiwiko. Amesimama upande wa pili wa mashine. Anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na mimi pia.

"Mkwe," ameniambia, "nishike wapi?"